Taa ya chujio la masizi ya dizeli inarudi kila mara. Nilikate?

"Mtaalamu, habari za kazi. Nina gari la dizeli nililolinunua likiwa limeshatumika, sasa lina kilomita kama 160,000. Kila baada ya muda taa ya chujio la masizi inawaka. Fundi analiunganisha na mashine, taa inazima, halafu baada ya wiki kadhaa inarudi. Safari zangu ni fupi: kazini, shuleni kwa watoto, sokoni, nyumbani. Juzi fundi kaniambia suluhisho la kudumu ni kulikata lile kopo, kutoa kilichomo, kulichomelea tena na kubadilisha programu ya gari. Anasema gari litapata nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta, na kwamba chujio lenyewe ni danganya toto, kwa sababu uchafu linaoukusanya mwishowe linautoa huko huko hewani. Halafu naona oili inaongezeka badala ya kupungua. Ni kweli anayosema? Nilikate?"

Ndugu yangu, nianze na jambo ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni dogo: oili inaongezeka. Hilo ni la haraka kuliko taa. Injini haitengenezi oili. Kinachoongezeka humo karibu kila mara ni dizeli, inayoshuka kwenye kuta za silinda na kupenya pembeni ya ringi za pistoni hadi chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Oili iliyochanganyika na dizeli inakuwa nyepesi, haikingi beringi za injini wala shafti ya tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, kama inavyopaswa. Ikizidi sana, injini inaweza kuivuta kupitia mpira wa kupumulia na kuiunguza kama mafuta. Injini ya dizeli ikifika hapo inajipandishia mzunguko yenyewe, na kuzima ufunguo hakusaidii. Kwa hiyo kabla ya safari yako ijayo, gari likiwa limesimama tambarare na injini imepoa, chomoa kijiti cha kupimia, tazama alama, kisha kinuse. Oili ikiwa imepita alama ya juu, usiwashe gari. Mwite fundi aje amwage oili yote na kubadilisha filta yake pia. Kupunguza kidogo tu ili ishuke chini ya alama hakutoshi, maana iliyobaki bado ina dizeli ndani.

Sasa turudi kwenye chujio, na utaona kwamba oili yako na taa yako ni kisa kimoja.

Fundi wako amekosea kuhusu kazi ya kifaa hiki, ingawa simlaumu kwa kukichoka. Taa inayozimwa kwa mashine na kurudi baada ya wiki kadhaa ni gari ambalo halijatibiwa. Wateja wengi wakirudi namna hiyo, msumeno unaanza kuonekana kama huruma.

Dizeli haiwashwi kwa cheche. Nozeli inaipuliza ndani ya hewa iliyobanwa mpaka ikawa ya moto, nayo inajiwasha. Kwa kuwa mafuta na hewa havipati muda wa kuchanganyika sawasawa, katikati ya ule mnyunyizo mafuta huwa mengi na hewa haba. Hapo kaboni inabaki bila kuungua. Inaanza kama vijipira vya nanomita 20 hadi 30, vinagandana kuwa minyororo ya nanomita mia hivi, na juu yake vinanata mabaki ya mafuta na oili. Moshi mweusi unaouona kwenye lori bovu ni sehemu ile iliyojikusanya vya kutosha kuonekana. Chembe zenye madhara zaidi ni ndogo kuliko hizo, hazionekani kwa macho, na zinafika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, yaani kundi ambalo ushahidi wake kwa binadamu umetosha.

Ndani ya lile kopo ambalo fundi anataka kulikata kuna tofali la kauri, la kodieriti au la silikoni kabaidi, lenye maelfu ya vijia vyembamba vilivyopangwa kama sega la nyuki. Ujanja wake uko kwenye vizibo. Kijia kimoja kimezibwa upande wa kutokea, jirani yake kimezibwa upande wa kuingilia, na hivyo hivyo kwa kupishana tofali zima. Moshi ukiingia kwenye kijia hauna njia ya kutokea mbele. Inaulazimu kupenya ukuta wenye unene wa karibu theluthi moja ya milimita ili uingie kijia cha pili na kutoka. Gesi inapita, masizi yanabaki.

Jambo linalowashangaza hata mafundi ni kwamba vitundu vya ukuta huo vina upana wa mikromita 10 hadi 20, yaani zaidi ya mara mia ya chembe zinazokamatwa. Ukilifikiria kama chekecheo, halipaswi kufanya kazi kabisa. Lakini chembe ndogo namna hiyo haisafiri kwa mstari ulionyooka. Molekuli za gesi zinaigonga kutoka kila upande, inayumba, inagusa ukuta, inanata. Nyingine zinanata juu ya hizo, mpaka ukuta unavaa tabaka la masizi, na kuanzia hapo tabaka hilo lenyewe ndilo linalochuja zaidi kuliko kauri. Ndiyo maana chujio lililotoka kusafishwa huvujisha zaidi kidogo kuliko lenye masizi kiasi. Likiwa zima na limeshavaa tabaka lake, linazuia zaidi ya asilimia 99 ya chembe kwa hesabu ya idadi.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, tazama sheria za Ulaya. Kiwango cha Euro 1 cha mwaka 1992 kiliruhusu gari dogo la dizeli kutoa miligramu 140 za chembe kwa kilomita. Euro 5 ilishusha hadi 5, na kuanzia 2011 chembe zikaanza kuhesabiwa moja moja: zisizidi bilioni 600 kwa kilomita. Idadi hiyo inatisha mpaka ujue kwamba dizeli isiyo na chujio hutoa makumi ya matrilioni. Kwa magari ya dizeli, hakuna aliyepata njia ya kufika huko bila chujio.

Je, ni danganya toto? Hapa fundi wako amesikia nusu ya habari. Ni kweli masizi hayakai humo milele. Chujio la gari dogo lingejaa baada ya kilomita mia chache tu. Lakini hayamwagwi nje. Yanaunguzwa mle mle, na kaboni ikiungua inakuwa kaboni dayoksaidi, gesi ile ile ambayo sehemu kubwa ya dizeli yako imeshageuka kuwa. Nitakuwa mkweli kwako: wakati wa kuunguza, chembe zinazotoka nje huongezeka kwa muda, mafuta yanatumika zaidi, na gari linaweza kutoa harufu ya kuungua. Ukijumlisha safari zote, bado ni sehemu ndogo sana ya kile ambacho bomba tupu lingetoa.

Na kuna kitu chujio halifanyi, ambacho wauzaji hupenda kukinyamazia. Halipunguzi oksidi za naitrojeni. Hizo ni kazi ya vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, na, kwenye magari mapya zaidi, mfumo wa kupuliza myeyusho wa yurea. Kashfa ya Volkswagen ya mwaka 2015 ilihusu oksidi hizo, haikuhusu masizi, kwa hiyo mtu akikwambia "si ilithibitika kwamba mambo haya ni uongo mtupu," amechanganya vitu viwili.

Kukamata masizi hakujawahi kuwa kazi ngumu. Ugumu ni kuyaunguza kwa wakati bila kuivunja kauri. Mercedes-Benz iliuza dizeli zenye mtego wa masizi California tangu 1985, lakini teknolojia ile haikudumu. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2000, Peugeot 607 ilipotoka na chujio ambalo kompyuta ya injini ndiyo inayoamua lini liunguze, likisaidiwa na kiongezeo chenye seriamu kilichochanganywa kwenye mafuta.

Masizi yana njia mbili za kuungua. Ya kwanza ni ya kimya. Mbele ya chujio kuna kichocheo kinachogeuza naitriki oksaidi kuwa naitrojeni dayoksaidi, na gesi hiyo inaweza kuyala masizi taratibu moshi ukiwa na nyuzi kati ya 250 na 400 hivi. Anayesafiri masafa marefu na mzigo anafika joto hilo kila siku bila kujua, ndiyo maana gari kama lako kwa mtu wa barabara kuu linaweza kukaa miaka bila kuwasha taa. Kwenye safari za mjini moshi mara nyingi haufiki nyuzi 250.

Njia ya pili inahitaji nyuzi kama 600, na moshi wa dizeli haufiki huko wenyewe. Kompyuta ikiona masizi yamezidi, inaamuru nozeli zipulize dizeli ya ziada kwa kuchelewa, pistoni ikiwa imeshashuka, ili mafuta hayo yakaungue kwenye kichocheo na kupandisha joto. Inachukua dakika 10 hadi 20 hivi. Kompyuta haianzi mpaka injini ipate moto, tangi liwe na mafuta zaidi ya akiba, na kusiwe na hitilafu nyingine iliyorekodiwa. Sasa jitazame wewe: injini inapata moto ukiwa unakaribia kazini, kompyuta inaanza kuunguza, wewe unazima gari. Jioni inaanza upya, unazima tena mlangoni. Kila jaribio limepuliza dizeli ya ziada, na sehemu ya dizeli hiyo imegonga kuta za silinda na kuteremka kwenye oili. Ile mashine ya fundi nayo inafanya jambo hilo hilo gari likiwa limesimama, na kila mara inaongeza kidogo. Ndiyo oili yako hiyo.

Lakini nisikubebeshe lawama zote. Watu wengi wanaendesha safari fupi na taa yao haiwaki kila baada ya wiki kadhaa. Mara nyingi kuna kitu kabla ya chujio kinachotengeneza masizi kupita kiasi, au kinachozuia kompyuta isiunguze. Mtuhumiwa ninayemwanzia ni thamostati, vali inayodhibiti joto la maji ya injini, iliyoganda ikiwa wazi, kwa sababu ni kitu cha bei ndogo na haiwashi taa sikuzote. Muombe fundi aweke kwenye skrini joto la maji ya injini huku mkiendesha. Baada ya robo saa likiwa bado kwenye nyuzi 65 badala ya kukaribia 90, kompyuta inadhani injini bado ni baridi na inaahirisha kuunguza kila siku.

Kisha mwombe akuonyeshe usomaji wa sensa ya tofauti ya mgandamizo. Sensa hii ina mipira miwili myembamba, mmoja unatoka kabla ya chujio na mwingine baada yake, na kompyuta hukisia kiasi cha masizi kwa kulinganisha pande hizo. Ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, hakuna moshi unaopita, kwa hiyo usomaji lazima uwe sifuri au karibu sana. Ukiona namba iliyo mbali na sifuri hapo, sensa inadanganya na chujio lako huenda halijajaa kabisa. Mafundi wapite pia na kidole kwenye mipira hiyo: inakaa karibu na joto la ekzosi, inakauka, inapasuka upande usioonekana, au inaziba kwa masizi. Mimi singekubali chujio lolote lisafishwe, achilia mbali likatwe, kabla ya kuona sifuri hiyo kwa macho yangu.

Baada ya hapo ni nozeli zinazodondosha, vali ya EGR iliyokwama wazi, na bomba la hewa kati ya tabo na injini lililopasuka. Hizi zote zinaongeza masizi, na hazitapona kwa kulishughulikia chujio.

Kuna jambo lingine linalohusu umri wa gari lako. Masizi yanaungua, majivu hayaungui. Oili ya injini ina viongezeo vya kalsiamu, magnesiamu, zinki na fosforasi, na kila tone linaloungua kwenye silinda linaacha majivu yanayosukumwa hadi mwisho wa vijia na kujazana hapo. Kwenye kilomita 160,000, hasa kama mwenye gari wa kwanza alitumia oili yoyote aliyoikuta, sehemu ya chujio lako inaweza kuwa imeshajaa majivu. Nafasi ya masizi imepungua, ndiyo maana taa inawahi kurudi. Mashine haiwezi kuyaondoa, wala dawa ya kumimina kwenye tangi. Dawa hizo, zile zenye chuma au seriamu, zinaweza kushusha joto ambalo masizi yanaanza kuungua, na kwa mtu wa safari fupi zinaweza kusaidia kiasi. Kwa majivu ni kupoteza hela.

Dawa ya majivu ni kulifungua chujio na kulipeleka kwa wenye vifaa vya kulisafisha: wengine wanapitisha maji au hewa yenye nguvu kutoka upande wa nyuma, wengine wanalioka kwanza kwenye tanuri kisha wanalipuliza. Anayejua kazi yake atalipima uzito kabla na baada, na atakupa namba zote mbili. Asiyekuwa na mizani, mwache. Na baada ya kusafisha, weka oili yenye majivu machache. Kwa magari madogo ni ile yenye alama ya ACEA inayoanza na herufi C, lakini kitabu cha gari ndicho kinachosema ni ipi kati yake. Tafuta pia dizeli yenye salfa ndogo kadiri inavyopatikana, kwa sababu salfa inadhoofisha kile kichocheo cha mbele ambacho mfumo wote unakitegemea.

Sasa hoja ya kukata. Fundi anasema utapata nguvu. Ukilinganisha na chujio lililoziba, ni kweli, hata mimi ningeisikia tofauti. Ukilinganisha na chujio safi, tofauti ni ndogo, na nguvu ambayo watu huisifia baada ya kukata mara nyingi imetoka kwenye programu mpya. Mafuta yanayookolewa kwa kutounguza masizi yapo, ila ni machache. Upande wa pili wa mizani: gari linaanza kutoa chembe mara mamia ya zamani, nyingi zikiwa hazionekani, kwa hiyo utadhani liko sawa. Nchi nyingi zinakataza kuliendesha hivyo. Vipimo vya zamani vya moshi vilikuwa havilibaini gari lililokatwa, lakini Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani zilianza kati ya 2022 na 2023 kuhesabu chembe kwenye ukaguzi, na kifaa hicho hakina shida kulijua. Na programu ikiandikwa hovyo, injini inaweza kuendelea kupuliza dizeli ya ziada kuunguza chujio ambalo halipo. Gari limekatwa, oili inazidi kupanda.

Kinachonisumbua zaidi ni ile nozeli au thamostati. Ukikata, hitilafu iliyokuwa inawasha taa inabaki mahali pake, ila sasa haina wa kuisema. Nozeli inayodondosha inaweza kutoboa pistoni bila kujali kama kopo la nyuma lina kitu au ni tupu. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, usilikate.

Ningekuwa wewe ningefuata mpangilio huu: oili kwanza, kisha thamostati na sensa, kisha nozeli na EGR, na mwisho kabisa chujio lenyewe, kulisafisha au, likiwa limepasuka, kununua jingine. Ukinunua jipya, jihadhari na yale ya bei ya kutilia shaka. Mengine yana kauri lakini tabaka la kichocheo ni hafifu, na taa itarudi kabla hujamaliza kufurahi. Kujua kama la sasa limepasuka si kazi ngumu. Ekzosi ikiwa imepoa, ingiza kitambaa cheupe mdomoni mwake na uzungushe. Chujio zima huacha bomba likiwa karibu safi, hata kwa gari la miaka mingi. Kitambaa kikitoka cheusi ti, masizi yanapita.

Hayo yakishatengenezwa, zoea kulipa gari lako mwendo wa nusu saa bila kusimama simama, mara moja kwa wiki au zaidi, ukiwa kwenye gia inayoiweka injini kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika au zaidi kidogo. Jifunze dalili za kuunguza: mngurumo wa gari lililosimama unapanda kidogo, feni inavuma hata baada ya kuzima, mafuta yanayotumika kwa wakati huo yanaruka juu. Ukiziona, zunguka dakika kumi zaidi kabla ya kuzima. Usiegeshe juu ya nyasi kavu wakati huo. Ekzosi ina joto la kuziwasha. Na kama ratiba yako haina nafasi ya safari hiyo hata mara moja kwa wiki, nakushauri kwa moyo mweupe uliuze gari hilo kwa mtu wa safari ndefu na utafute la petroli, la haibridi au la umeme. Dizeli yenye chujio haikuundwa kwa dakika nane za kwenda shule.

Taa ya chujio ikiwaka bila kumeta, na oili iko sawa, bado una nafasi ya kuendesha hiyo nusu saa na kuona kama itazima. Ikianza kumeta, au taa ya injini ikiungana nayo na gari likakosa nguvu, usijaribu kulilazimisha barabarani, wala usimruhusu mtu aliunguze kwa mashine bila kusoma kwanza kiasi cha masizi. Masizi yakizidi kipimo na kuwaka kwa pamoja, joto ndani linaweza kupita nyuzi 1,000, kauri ikayeyuka au kupasuka, na hapo hakuna tena cha kusafisha. Gari katika hali hiyo lipelekwe kwa fundi mwenye mashine inayoonyesha gramu za masizi na makisio ya majivu kwa gari la aina yako. Mwombe namba hizo kabla hujakubali kazi yoyote. Akishindwa kukuonyesha, mtafute mwingine.